Akili Unde Vyuoni na Magazetini: Nani Ameona, Nani Atajibu? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi vijana wa Kenya walivyolipwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa ng'ambo, biashara iliyoyumba baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022. Leo tutazame dawa ya udanganyifu huo, ambao sasa hufanywa kwa mashine. Vyuo vingi vimekimbilia programu za kutambua maandishi ya mashine, na dawa hiyo inaumiza wasio na hatia. OpenAI yenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, iliiondoa programu yake ya aina hiyo Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Mwaka huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba kwa insha za watahiniwa wa TOEFL, watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Zaidi ya nusu ya hukumu zilisema insha hizo zimeandikwa na mashine. Msamiati mchache na sentensi za kawaida ndivyo vilivyotiliwa shaka. Msichana wa Merti, kaskazini mwa Kenya, aliyekulia katika Kiborana na kukutana na Kiingereza darasani, atahukumiwa kwa Kiingereza alichokitolea jasho, huku aliyenunua insha yenye madoido akipita.

Merti kwenyewe kuna kipimo bora. Wazee wa dedha, wanaosimamia malisho kandokando ya mto Ewaso Ng'iro, hutuma watu wakague nyasi na maji kabla ya mifugo kuhamishwa. Wakirudi, huhojiwa. Mwanafunzi naye aitetee kazi yake mbele ya mhadhiri, kwa mdomo, hata kwa dakika 15. Wahadhiri watalalamika kwamba wana mamia ya wanafunzi, na malalamiko yao ni ya haki. Basi waanze na tasnifu, maana ndiyo inayobeba shahada.

Magazeti nayo yanadaiwa ushahidi huo huo wa aliyeona na anayeweza kujibu. Mei 2025, gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilichapisha orodha ya vitabu 15 iliyotayarishwa kwa akili unde. Vitabu 10 kati ya hivyo havikuwahi kuandikwa. Wasomaji waligundua upesi, kwa kuwa kitabu hutafutika. Lakini habari ya mafuriko huko Merti iliyotungwa na mashine Nairobi ataikosoa nani? Wahariri watasema hawana fedha za kumpeleka ripota mbali hivyo. Mashine na inukuu kanda na kupanga takwimu, lakini habari isichapishwe kabla ripota anayetajwa kwa jina hajampigia simu chifu, muuguzi wa zahanati na mfugaji aliyeko ng'ambo ya mto.