Nyumba Mbili za Brook Street

Brook Street ni mtaa wa Mayfair, katikati ya London. Hapo nyumba namba 25 na namba 23 zinagawana ukuta mmoja. Namba 25 aliishi George Frideric Handel, mtunzi mkubwa wa karne ya 18. Ghorofa ya juu ya namba 23 alipanga Jimi Hendrix, mpiga gitaa aliyetikisa dunia miaka ya 1960. Siku hizi ni makumbusho moja, Handel Hendrix House, na mgeni huhama kutoka maisha ya mmoja hadi ya mwenzake bila kutoka nje.

Handel, mzaliwa wa Halle huko Ujerumani, aliingia namba 25 mwaka 1723, akiwa na umri wa miaka 38. Nyumba ilikuwa mpya, na yeye ndiye mpangaji wake wa kwanza. Sheria za wakati huo hazikumruhusu mgeni kumiliki nyumba; hata alipopewa uraia wa Uingereza mwaka 1727 aliendelea kulipa kodi, na akafia humo akiwa bado mpangaji, Aprili 1759.

Chumba kikubwa cha ghorofa ya kwanza kilikuwa cha mazoezi. Waimbaji walifika hapo kujifunza sehemu zao kabla ya kupanda jukwaani. Pembeni kipo chumba kidogo ambacho inaaminika ndicho alimotungia. Kati ya Agosti na Septemba 1741, kwa siku 24 hivi, aliiandika Messiah yote, kazi yenye ile Aleluya ambayo kwaya za makanisa ya Afrika Mashariki huiimba Krismasi na Pasaka. Aliyezoea kuisikia ikijaza kanisa zima atashangazwa na udogo wa chumba hicho, na mshangao huo pekee unatosha kulipia safari.

Vyombo vya Handel vilitawanyika baada ya kifo chake. Kilichobaki ni orodha ya mali iliyoandikwa wakati huo, chumba kwa chumba, kuanzia kitanda chenye mapazia mekundu hadi masufuria ya jikoni. Orodha hiyo ndiyo iliyowaongoza waliopanga upya vyumba. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 2001. Yalipofunguliwa tena Mei 2023 baada ya ukarabati, jiko la chini nalo lilikuwa limerudishiwa sura yake.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika anastahili kulijua. Handel aliwahi kuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Muziki wake haupungui uzuri kwa hilo, lakini habari za fedha zake hazikamiliki bila kulitaja.

Hendrix alihamia namba 23 Julai 1968 pamoja na mpenzi wake, Kathy Etchingham, aliyeiona nafasi hiyo katika tangazo la gazeti. Kodi ilikuwa pauni 30 kwa wiki. Mapazia na mazulia aliyanunua katika duka la John Lewis, Oxford Street, hatua chache kutoka hapo. Kijana huyu wa Seattle, aliyezoea vyumba vya hoteli, aliwahi kusema hapo ndipo alipopata nyumba yake ya kwanza ya kweli. Chumba cha kulala kilikuwa sebule pia: alipokea wageni na waandishi wa habari humo, akipiga gitaa akiwa ameketi kitandani. Alipoambiwa jirani yake wa zamani alikuwa nani, alikwenda kununua santuri za Handel, Messiah ikiwemo.

Aliondoka Machi 1969, na mwaka uliofuata akafariki hukohuko London akiwa na miaka 27. Baadaye vyumba vyake vikawa ofisi, tena kwa muda vikawa ofisi za makumbusho yenyewe. Kuvirejesha kulitegemea picha zilizopigwa humo mapema mwaka 1969 pamoja na kumbukumbu za Etchingham, na Februari 2016 wageni wakaanza kuingia. Vitu vingi vinavyoonekana ni nakala; kioo cha ukutani ndicho chake hasa.

Mgeni asiyeharakisha hufaidi zaidi, kwa kuwa wanamuziki huja mara kwa mara kupiga ala katika chumba kilekile cha mazoezi cha Handel, na hapo muziki wake husikika kwa ukaribu usiopatikana katika kumbi kubwa.