Mwenye Kuongoza na Neno Lake

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa mudiri wa madrasa moja ya mtaani, kamati ilikata shauri kupunguza vipindi vya jioni, na ujira wa waalimu watatu ukapungua kwa kadiri hiyo. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kuwaarifu. Nikaona uzito wa kuwakabili. Nikaandika mistari minne kwa simu, nikaituma katika kundi la waalimu baada ya sala ya Isha, nikalala.

Asubuhi mmoja wao, mtu aliyenizidi umri, alinijia barazani. Hakutaja fedha. "Sheikh," akaniambia, "simu yangu ni ya kupigia tu. Habari hii nimeipata kwa mwanangu, naye kaipata kwa wanafunzi."

Sikuwa na jawabu.

Sheria yetu ya Kenya, ile Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ina jambo ambalo wasimamizi wengi hatulisomi. Kifungu cha 41 chamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mwenendo wake au utendaji wake, amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama, akishuhudia. Kisha mwajiri asikilize kauli yao ndipo aamue. Kifungu cha 9 nacho chaagiza kuwa asiyejua kusoma aelezwe mkataba wake kwa lugha aielewayo. Mimi sikumfukuza mtu, ni kweli. Lakini riziki ikipunguzwa nusu, mwenyewe huuona mlango uko wazi.

Wala haya si ya maofisi peke yake. Bibi mwenye msaidizi wa nyumbani naye ni msimamizi, na huyo msaidizi mara nyingi hupokea amri saba kwa pumzi moja, bibi akiwa mlangoni na buibui begani. Binti hujibu "ndiyo" kwa adabu, si kwa kufahamu. Jioni hukaripiwa mbele ya wageni. Lingemgharimu nini bibi kusimama kidogo na kumuuliza, "Hebu niambie, utaanza na lipi?" Hapo lililopotea lingeonekana mapema, na kosa likiwapo lingesemwa jikoni, wawili peke yao.

Alasiri ya siku ile nilimwendea yule mwalimu kwake, na daftari la mapato mkononi. Nikamwomba radhi, nikamfungulia hesabu. Aliitazama kwa muda, akasema, "Mngeniuliza, ningewaambia vipindi vihamishwe Jumamosi na Jumapili asubuhi. Wazazi wameshaniomba hilo."

Kamati ililikubali. Waalimu wawili wakarudishiwa vipindi vyao. Wa tatu alikuwa ameshapata kazi dukani, hakurudi.