Boriti ikisogea, bamba nalo lisogee

Vijana wetu wa Malindi na Kilifi wanaojifunza kuchora majengo ya chuma kwa kompyuta hujivunia picha inavyopendeza. Mimi huangalia kwanza maungio, pale boriti inapokutana na bamba la bolti.

Katika programu kama Tekla, bamba laweza kuchorwa peke yake, au kufungwa na boriti kwa amri ya maungio. Kwa macho ni sawa. Lakini mhandisi akiishusha boriti, bamba lililofungwa huifuata pamoja na matundu yake; lile jingine hubaki palepale. Bolti ya milimita 20 hutobolewa tundu la milimita 22. Kosa likizidi hapo, fundi aliye juu ya paa hulipanua tundu kwa moto wa gesi, rangi ya kinga huungua, na kwa upepo wetu wa chumvi kutu huanzia hapo hapo.

Tena si kutu tu. Kansas City, Marekani, mwaka 1981, vijia vya juu vya hoteli viliporomoka vikaua watu 114: maungio yalibadilishwa, mzigo ukawa maradufu, michoro ikapitishwa.

Kwa hivyo kabla ya kupeleka mchoro karakana, isogeze boriti moja, utazame kilichobaki nyuma, kisha uirudishe.