Ulikuwa wapi mwaka wa gare?



Mwezi wa nane unapokaribia kwisha, mavumbi yakiwa mengi na mvua haijaanza bado, mimi ninakumbuka moshi wa gare ya Likasi. Watu wa umri wangu wanajua ninasema juu ya nini. Ninyi vijana, leo jioni mbele ya maombi ya jamaa, muulize wazazi wenu: "Mulikuwa wapi mwaka 1992, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa?" Kisha muangalie nyuso zao. Wengine wataeleza mpaka usiku. Wengine watasema bukari inapoa, tule kwanza.

Mimi nimeuliza swali hilo sasa miaka miwili, nyumba kwa nyumba, ninapotembelea washiriki. Jibu ninalolipata zaidi ni hili: "Mchungaji, ule mwezi sikukuwa hapa. Nilikuwa Bunkeya." Walikwenda kwa bibi, walikwenda kuzika mtu, walikwenda kulima. Kama wote walioniambia hivyo walikuwa kweli Bunkeya, basi mwaka ule Bunkeya ilikuwa mji mkubwa kupita Lubumbashi.

Kwa ninyi muliozaliwa kisha, ninaeleza kwa ufupi. Nchi iliitwa Zaire, na jimbo letu liliitwa Shaba. Kule Kinshasa kulikuwa mkutano mkubwa wa taifa, ule watu waliouita Konferansi. Tarehe 15 Agosti 1992 Konferansi ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa kwetu. Wengine walicheza barabarani, wengine walikasirika. Lakini kuni zilikuwa zimekwisha kupangwa tangu mbele. Katika mikutano ya siasa vijana walikuwa wamefundishwa kuwaita jirani zao "bilulu", ni kusema wadudu. Na mtu akiisha kuitwa mdudu, kumkanyaga hakuonekani tena kuwa dhambi. Mwezi wa nane na wa tisa moto uliwaka Likasi. Mwezi wa tatu wa 1993 ulifika Kolwezi. Watu waliofukuzwa wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Hawa watu hawakuanguka toka mbinguni. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa inaandika kazi watu wa Kasai, na reli iliyofika Port-Francqui mwaka 1928, ile Ilebo ya leo, ilipita katikati ya nchi yao. Treni ilileta babu. Treni ikarudisha wajukuu, na wengi wa wajukuu hao hawakuwa wameona Kasai hata siku moja. Wazee wa kwetu walikuwa na malalamiko yao juu ya kazi na vyeo, tangu wakati wa Wabeleji, na mengine yalikuwa na msingi. Tena njaa ilikuwa inakuja. Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 470,000 za shaba mwaka 1986, haikufikisha tani 50,000 mwaka 1993. Mwenye njaa anasikia mbio kila anayemwonyesha mwizi.

Mzee mmoja wa retrete, aliyefanya kazi ya reli, hakukimbia swali langu. "Nilikuwa kazini," alisema. "Miye nilikuwa kazini tu. Kila asubuhi nilipita katikati ya bale batu, balilala chini, balipika kando ya reli. Nilivaa kofia yangu, nikapita." Alinieleza namna watu walivyojenga vibanda kwa mashuka na kwa milango waliyoitoa nyumbani mwao. Walingoja treni majuma, wengine miezi. Ilipofika walijaa ndani ya mavago ya mizigo pamoja na nyungu na vitanda na wagonjwa wao. Surua na kuhara viliua watoto pale gare, na wengine walikufia njiani. Lakini jambo alilolirudilia mara tatu ni dogo. Alikuwa na ufunguo wa chumba kimoja chenye robine ya maji safi. "Hakuna mukubwa alinikataza kufungua. Na hakuna mutu aliniuliza. Basi sikufungua." Yule mzee ana miaka zaidi ya sabini, na kitu anachokiota usiku ni ufunguo.

Mama mmoja kijana wa kwaya yetu alicheka nilipomuuliza. "Miye? Miye nilikuwa mu tumbo." Alizaliwa pale gare, mwezi wa kumi na moja 1992, nyuma ya shuka. Aliyemzalisha ni mama Mkatanga aliyekuja usiku na taa ya mafuta na wembe mpya, akarudi kwake mbele ya jua kutoka. Jina lake halikujulikana mpaka leo, kwa maana hakulisema. Jamaa ile ilikwenda Kasai, na miaka mingi kisha ikarudi. Leo karti yake ya uchaguzi imeandikwa kwamba alizaliwa Likasi. Watu wakimuuliza yeye ni wa wapi, anajibu: "Niko wa gare."

Wa tatu ni ndugu anayeongoza maombi ya asubuhi katika kartie yake. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na tisa. Mara ya kwanza alinijibu, kama wengine, kwamba alikuwa Bunkeya. Majuma mawili kisha alikuja nyumbani usiku, akakaa, akakataa chai. "Mchungaji, sikukuwa Bunkeya. Nilikuwa nabo. Sikupiga mutu. Niliimba tu." Nilimuuliza waliimba nini. Aliangalia chini. Nyimbo zile sitaziandika hapa, nanyi musizitafute. Lakini tangu usiku ule ninajiuliza juu ya neno lile "tu". Wale waliokuwa ndani ya nyumba, mlango umezibwa kwa meza, hawakuweza kujua ni sauti gani ya mwenye jiwe na ni sauti gani ya mwimbaji.

Sasa ni zamu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu alifanya kazi kiwandani, na jirani yetu alikuwa wa ekipe moja naye. Tunasema walitoka Kasai. Babu yao ndiye alitoka. Jirani mwenyewe alizaliwa Panda. Robine ilikuwa moja, na mama zetu waliimba sauti ya kwanza katika kwaya moja. Mwana wao na mimi tulikaa banki moja shuleni.

Usiku mawe yalipoanza kuanguka juu ya mabati yao, sisi tulizima taa. Baba alisema kwa sauti ndogo: "Munyamaze, wasifikiri ni hapa." Baba alikuwa shemasi. Sisemi hivi kwa kumhukumu. Alikuwa na watoto saba, na hofu yake ilikuwa ya kweli, maana Mkatanga aliyeficha watu aliitwa msaliti na nyumba yake nayo ilipigwa. Asubuhi mama jirani alipita kwa mlango wetu wa jikoni. Kichwani alikuwa amebeba mashini yake ya kushona, Singer ya mkono. Alimwambia mama yangu: "Unichungie. Nitarudia kuikamata." Kisha wakaenda gare kama wengine.

Mama alinituma kule mara mbili na bukari na sombe katika sahani iliyofunikwa. Mara ya tatu baba alikataza. Shule ilipofunguliwa, mwalimu alisoma majina, na mengi hayakujibu. Aliendelea kusoma kama kawaida, akitia alama ya kukosa. Siku ya tatu aliacha kuyasoma.

Njia ya shule ilipita mbele ya gare. Rafiki yangu alikuwa anasimama kando ya ukuta, akiangalia wanafunzi wa nyeupe na buluu wakipita. Siku ya kwanza alinipungia mkono. Mimi nilivuka, nikapita upande mwingine wa barabara. Nilifanya vile mpaka karibu na Noeli. Siku moja hakuwa pale tena. Treni yao ilikuwa imekwenda. Nilisikia raha, wasomaji. Mkono unakuwa mzito ninapoandika neno hili, lakini njo vile ilikuwa: nilisikia raha, kwa sababu sasa ningeweza kupita upande ninaotaka.

Katika Shule ya Biblia tulisoma kitabu cha Obadia kwa saa moja tu. Ni sura moja, na mtihani ulikuwa karibu. Niliporudi kukisoma nikiwa mchungaji, nilifika mstari wa 11 nikafunga kitabu. Mungu anamshitaki Edomu juu ya siku ya taabu ya ndugu yake Yakobo. Anahesabu makosa moja moja: kutazama, kufurahi, kunyosha mkono juu ya mali yao, kusimama penye njia panda ili kuwakatia waliokimbia. Lakini angalia, msomaji, orodha inaanza wapi. Inaanza na kusimama kando. Edomu alisimama kando, na Mungu anamhesabu kuwa mmoja wa wale walioingia mji. Nilikuwa nikifikiri siku zote kwamba upande mwingine wa barabara haukuwa pahali pa dhambi.

Wazee wawili wa kanisa wameniuliza kwa nini ninafukua mambo haya. "Mchungaji, watu wanakaa salama, acha." Ninaheshimu wazee. Lakini treni kutoka Kasai inaleta tena vijana wanaotafuta maisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na katika simu neno lile la wadudu limeanza kusikilika tena. Linatoka katika vinywa vya watoto waliozaliwa kisha ya mwaka 2000. Hawajui linaelekea wapi, kwa maana hakuna aliyewaambia. Sote tulikuwa Bunkeya.

Tena kuna ile mashini.

Mwaka wa kwanza mama aliiweka chini ya kitanda, imefungwa ndani ya kitenge. Mwaka wa pili baba alikuwa anarudi nyumbani mikono mitupu, na mama akakifungua kitenge. Alishona yunifomu, alishona mavazi ya ndoa, alishona kanzu za kwaya ileile. Watu walisema ni mashini yake, naye hakuwasahihisha. Minervali yangu ya shule ilitoka pale. Nilipokwenda Shule ya Biblia, pesa ya safari na ya godoro ilitoka pale. Kila mahubiri niliyohubiri yana uzi wa mashini ile ndani yake.

Mwaka jana mama, ambaye macho yake yamepungua nguvu, aliniita akasema: "Ile mashini haiko yangu." Nilijua. Sisi wote nyumbani tulijua, watoto saba, tangu siku ile ya mlango wa jikoni.

Kwa msaada wa ndugu wa kanisa moja la Mwene-Ditu nilipata namba ya simu ya rafiki yangu. Nilipotaja jina langu alikaa kimya. Kisha akasema: "Wewe njo ule wa kupita ng'ambo." Alikuwa ananiona. Siku zile zote, akiwa kando ya ukuta, alikuwa ananiona. Nilimwomba msamaha. Hakunipa mbio mbio. Alisema atafikiri, na kwamba baba yake alikufa mwaka 1993, miezi michache kisha ya kufika, lakini mama yake angali hai, na ni vizuri niseme naye kwanza.

Nilisikia simu ikipita mkono kwa mkono. Mama yule alinisalimia kwa Kiswahili cha Likasi, kile cha kampi, hakukipoteza hata kidogo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yalinitoroka. Nikasema tu kwamba mashini yake iko. Hakuuliza kwa nini tulikaa miaka yote hii bila kutafuta. Aliuliza: "Ingali inashona?"

Fundi mmoja wa Kikula ameifungua, ameipaka mafuta, amebadilisha sindano. Mama yangu alishona kipande cha kitambaa kwa kuijaribu, akaniomba nikipeleke pia. Nitaisindikiza mimi mwenyewe. Treni haina siku ya hakika, kwa hiyo kila juma ninakwenda gare kuuliza, na ninapongoja jibu ninasimama kando ya ule ukuta.