MCHEZAJI, NGUVU YAKO IKO KATIKA CHUNGU



Siku moja kijana mchezaji wa mpira alinionyesha kopo la vidonge vya vitamini alilonunua sokoni. «Munganga, hivi vinaongeza nguvu?» Nikamwuliza: nyumbani mumekula nini? Akajibu: «Bukari na samaki kavu tu. Falanga ya mboga imekwisha kwa vidonge.»

Kosa liko hapo. Sikilizeni sababu.

Misuli inachoma chakula kwa hewa tunayovuta. Moto huo unatoa kama cheche ndogo, zinazoitwa radikali huru. Mtu akikimbia au akibeba mizigo, cheche zinaongezeka. Zikizidi sana, zinaharibu mwili. Vitu vinavyozizima vinaitwa antioksidanti. Vingine mwili unajitengenezea. Vingine, kama vitamini C, vitamini E na karotini, vinatoka katika chakula.

Basi, tuzime cheche zote kwa vidonge? Hapana. Cheche kiasi ndizo zinazofundisha mwili kujikaza. Mwaka 2009, uchunguzi uliofanywa Ujerumani ulionyesha kwamba vijana waliofanya mazoezi wiki 4 huku wakinywa vitamini C na E nyingi kila siku walikosa faida ambayo wenzao waliipata: mwili kutumia sukari vizuri zaidi. Na wewe unayevuta sigara, ujihadhari: huko Finland, mwaka 1994, ilionekana kwamba wavutaji waliopewa vidonge vya karotini walipata kansa ya mapafu kuliko wengine. Karotini ya chakula haina ubaya huo.

Hapa Likasi tufanye hivi:

1. Mafuta ya ngazi. Rangi yake nyekundu ndiyo karotini, na vitamini E imo pia. Mama, usiyachome mpaka yawe meupe: rangi ikipotea, karotini imepotea.

2. Mboga za majani. Lengalenga na matembele zioshwe vizuri, kwa sababu ya vumbi, zisikae sana motoni. Sombe ni tofauti: itwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake itoke.

3. Tunda bichi kila siku. Moto unaharibu vitamini C, kwa hiyo chungu peke yake hakitoshi. Pera, embe, papai au limau, lioshwe kwa maji safi. Pera lina vitamini C kupita chungwa.

Lakini musidanganyike: hakuna mboga inayozuia vumbi la kazini. Maski ibaki usoni. Na dawa aliyokuandikia munganga kwa ugonjwa, usiiache. Tunasema juu ya vidonge vya kujinunulia.

Kabla ya kununua kopo, pita dispanseri uulize. Kuuliza ni bure. Na falanga ya mboga, mpe mama wa nyumba: yeye ndiye munganga wa kwanza wa mchezaji.