Urithi wa Mzee Aliyependa Kuuliza

Mzee anapofariki katika nchi ya Wasukuma na Wasumbwa, ndugu huketi baada ya matanga wakahesabu alichoacha. Huhesabiwa ng'ombe, mashamba, nyumba na madeni. Lipo hata hivyo fungu moja la mali ambalo aghalabu halitajwi katika kikao hicho, nalo ni yale aliyoyajua marehemu. Ndugu msomaji, leo napenda kulizungumza fungu hilo kwa kumkumbuka baba yangu mzazi, aliyekuwa pia babu wa wajukuu wengi hapa Masumbwe, na ambaye alipenda mambo mawili kuliko yote: kuchunguza na kutembea porini.

Baba hakuwa msomi wa vyeti. Alisoma miaka minne tu, kisha akarudi kuchunga. Lakini siku zote nilizomfahamu alikuwa na daftari. Uani alisimamisha kopo juu ya kigingi, mbali na miti na paa, na kila asubuhi iliyofuata mvua alitumbukiza rula ya shule humo akaandika kina cha maji. Wajukuu walipomwuliza iweje kopo dogo lipime mvua ya kijiji kizima, hakuwajibu. Aliweka sufuria pana kando ya kopo jembamba, vyote vikiwa na pande zilizosimama wima, akawaambia wangoje mvua wapime wenyewe. Walikuta kina kile kile. Hapo ndipo alipowaeleza kuwa chombo kipana hupokea maji mengi zaidi, lakini pia huyatandaza mahali pakubwa zaidi.

Porini alikuwa vivyo hivyo. Kila Septemba, mvua zikiwa bado hazijanyesha, miti ya mitundu katika miombo yetu huchipua majani mekundu. Wengi wetu hupita tu. Yeye alisimama na kuuliza: mti ambao haujanyeshewa tangu Mei umepata wapi maji ya kuoteshea majani? Ikawa safari nzima ya siku hiyo ni kulitafuta jibu, hadi wajukuu wakafahamu kuwa mizizi ya mti huo huzama chini sana, kwenye unyevu uliobaki wa masika yaliyopita, na kwamba shina nalo huweka akiba.

Mali aliyoithamini kupita zote ni ngitili yake. Kwa msomaji wa mbali nieleze kwamba ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, hata nyasi zikomae na miti ipumue. Hufunguliwa Julai au Agosti, wakati nyasi za mahali pengine zimekwisha. Ni desturi ya kale ya Wasukuma, na ndani yake imo elimu kubwa: nyasi zisizoliwa wakati wa kukua hujenga mizizi, na mizizi hiyo ndiyo hubeba mwaka unaofuata.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Kuanzia miaka ya 1920, wakati wa ukoloni, mapori ya Shinyanga yalifyekwa ili kumwondoa mbung'o anayeua ng'ombe, na Shinyanga yenyewe ikawa kituo mashuhuri cha uchunguzi wa mdudu huyo. Baadaye yakaja mashamba ya pamba, mifugo iliyozidi nafasi, na uhamisho wa watu kuingia vijiji vipya katika miaka ya 1970, uliowatenga wengi na ngitili zao. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ukawa unaitwa jangwa la Tanzania. Baba alikuwa akisema kwamba waliofyeka mapori walijibu swali la mbung'o kwa usahihi, lakini hawakuuliza ng'ombe atakula nini na mama atapika kwa kuni zipi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walihimiza kupanda miche. Kisha wakatambua jambo ambalo wafugaji wazee walilijua: chini ya ardhi ile iliyoonekana kufa, visiki na mizizi vilikuwa hai. Kilichohitajika hasa ni kufunga eneo na kungoja. Vijiji vikarudisha ngitili, mikutano ya jadi ya dagashida ikatunga sheria, na sungusungu wakalinda. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa katika vijiji zaidi ya 800 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Nyasi, kuni, dawa, asali na ndege vikarejea. Hapo elimu ya mtaalamu na elimu ya mchungaji zilikutana, na kila moja ikamhitaji mwenzake.

Kwa wajukuu wake, Baba alipenda kusimulia habari za Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, Lushoto, Mpemba alitia mchanganyiko wa maziwa ungali moto ndani ya friji ili kuwahi nafasi ya kutengeneza aiskrimu. Mchanganyiko wake uliganda kabla ya ule wa mwenzake, ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakuacha kuuliza. Miaka kadhaa baadaye alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu jambo lenyewe badala ya kucheka. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja, na wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu maelezo yake. Jambo lililomfurahisha Baba zaidi ni kwamba wakati huo Mpemba alikuwa Mweka, Kilimanjaro, akisomea wanyamapori, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya maishani. Kijana wa maabara na bwana wa pori walikuwa mtu mmoja.

Sasa Baba hayupo. Masumbwe, iliyokuwa Mkoa wa Shinyanga hadi ilipoingia Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, ina shughuli nyingi. Mabani ya tumbaku yanataka kuni, miji inataka mkaa, na mashimo ya dhahabu yanataka matimba. Kabla matanga hayajaanuliwa, wanunuzi walikwisha fika nyumbani kutaka bei ya miti yote ya ngitili. Sikuwachukia. Wachimbaji wadogo ni watoto wetu wenyewe, na timba imara ndilo linalozuia shimo lisiwafukie. Na katika kikao cha ukoo walikuwako waliosema, kwa haki, kwamba karo za watoto hazilipwi kwa kivuli.

Kilichotuamulia ni daftari. Humo Baba alikuwa ameandika ni visiki vipi alivikata, mwezi gani, na machipukizi yalifikia urefu gani kila mwaka. Kumbukumbu hizo zilionyesha wazi kwamba mti uliokatwa vizuri, kisiki kikaachwa na machipukizi yakapunguzwa, hutoa nguzo nyingine bila kupandwa, mradi ng'ombe wazuiwe. Tukakubaliana kuigawa ngitili mafungu, tuuze nguzo za fungu moja kwa zamu, na mengine yabaki yamefungwa. Fedha tuliyopata ni pungufu sana kuliko ile tuliyoahidiwa, lakini ngitili ipo.

Ndugu msomaji, wapo wazee wengi wa namna hii katika vijiji vyetu, na si wote walioacha daftari. Wanajua mti upi huponya, nyuki huhama lini, na kisima kipi hakikukauka mwaka wa njaa. Shule zetu zafaa kuwaalika, na mabwana misitu kuwasikiliza kabla ya kuwafundisha. Walio na babu hai wampelekee wajukuu, waende naye porini wakati miguu yake ingali na nguvu, na mmoja wao abebe kalamu.