Sikupata tefu, nikapika injera kwa mtama

Siku ya tatu mama alisimama mlangoni akauliza ni nini kimekufa humu ndani. Hakuna kilichokufa. Lilikuwa beseni langu la unga, nililolificha chini ya kitanda na kulifunika kwa leso, na harufu yake ilikuwa imeshafika uani.

"Ni chakula cha Ethiopia, mama."

"Na unga je, ni wa Ethiopia?"

Hapo sikuwa na jibu. Kwetu Mackinnon Road unga hauchezewi. Huku ni upande mkavu wa Kwale, na anayekumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo, hahitaji kuelezwa kwa nini mama yangu hupima unga kwa kikombe. Mimi nilikuwa nimemaliza vikombe vinne, na nilichopata ni kitu kichungu kisicholika hata na kuku.

Kisa chenyewe kilianzia Nairobi nikiwa chuoni. Rafiki alinipeleka mkahawa mmoja wa Wahabeshi mitaa ya Hurlingham. Ikaletwa sinia moja kubwa, injera imetandazwa kama kitambaa, juu yake vifungu vya kamande, mboga na nyama. Kijiko hakuna, unakata kipande kwa mkono wa kulia, unachota, unakula. Nikajihisi niko kwetu, maana sisi pia tumelelewa kwenye sinia. Bili ilipokuja ndipo nikakumbuka siko kwetu. Basi nikasema, hii nitajifunza kuipika mwenyewe.

Video za mapishi ni tele, na zote huanza na neno moja: tefu. Hii ni nafaka ya Ethiopia yenye punje ndogo mno, ukizishika ni kama mchanga. Huku kwetu huwezi kuipata dukani, na hata huko nje ilikuwa adimu kwa miaka mingi, kwa sababu mwaka wa 2006 Ethiopia ilizuia nafaka hiyo kuuzwa ng'ambo ili bei isiwashinde wananchi wake. Nilikaribia kuacha. Kisha nikaja kujua kwamba hata Ethiopia kwenyewe si kila mtu hula injera ya tefu. Maeneo ya chini yenye joto, watu huipika kwa mtama. Kwingine huchanganya shayiri au mahindi.

Mtama! Zao ambalo nyanya yangu amelitaja maisha yangu yote nami sikuwahi kusikiliza.

Nilinunua mtama mweupe. Mwekundu una ukakasi, na unaweza kukuharibia ladha. Pale mashineni nilisubirishwa hadi wenye mahindi waishe, ati mtama utachafua unga wa watu. Mwambie msagaji arudie mara mbili, kwa sababu unga wa mtama wenye chenga hautakupa injera, utakupa uji uliokauka.

Sasa tuseme ukweli kuhusu makosa yangu, maana ndiyo yaliyonifunza. La kwanza lilikuwa la hali ya hewa. Mwalimu wangu wa kwenye simu alisema uache unga siku tatu. Lakini yeye alikuwa Addis Ababa, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, ambako jioni watu huvaa sweta. Mimi niko Mackinnon Road, ambako jioni watu hutoa mikeka nje kutafuta upepo. Kinachochacha kule kwa siku tatu, hapa siku moja na nusu kimeiva, na siku ya tatu kimeoza. Usihesabu siku, angalia mapovu, nusa. Harufu ikiwa kama ya maziwa mgando, uko sawa.

Mara ya pili uchachu ulikaa vizuri, lakini injera ikawa inakatika vipande kila nikiinua. Mtama hauna ule mnato wa ngano. Nilikuwa nimeruka hatua moja kwenye video kwa kuiona ya kupoteza muda, ile wanayoiita absiti. Nyanya ndiye aliyenirudisha. Alikuwa ameketi kibarazani akinitazama nikihangaika, akauliza kwa nini sijaupikia uji. Uji gani? Akaeleza: unachota sehemu ya ule unga uliochacha, unaupika uwe uji, ukipoa unaurudisha kwenye beseni ukamate wenzake. Nikafungua simu. Absiti ni hiyo hiyo, neno kwa neno. Nyanya hajawahi kufika Ethiopia, hata Nairobi hajafika. Amepika chila na uji mchachu, basi.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Vikombe vitatu vya unga wa mtama na kimoja cha ngano, maji ya uvuguvugu hadi uwe mzito kama wa chapati za maji, na hamira kidogo sana kwa mara ya kwanza tu. Baadaye huhitaji hamira, kwani unabakisha kikombe cha unga wa zamani kwenye chupa, ndicho kinachochachua ule mpya. Ukishachacha, maji meusi yaliyopanda juu unayamwaga. Kikombe kimoja cha unga unakipika uji kwa vikombe viwili vya maji yanayochemka, unauacha upoe, unarudisha, unakoroga, unasubiri kama saa moja mapovu yarudi.

Waethiopia hutumia kikaango kipana cha udongo. Mimi natumia kile cha chapati, bila mafuta. Mimina kwa kuzungusha, anzia ukingoni uje katikati. Usiguse. Vitatokea vitundu vidogo juu, vingi, kama macho. Vikitapakaa, funika kwa kifuniko cha sufuria, ukingo ukianza kuinuka epua. Injera haigeuzwi. Ukiigeuza umepika chapati.

Mchuzi wake huitwa woti, na huo una siri moja tu ambayo ingenisaidia kuijua mapema: kitunguu hupikwa kwanza bila mafuta. Katakata vitunguu vinne vidogo vidogo, weka kwenye sufuria kavu, moto wa chini, koroga hadi viyeyuke. Itachukua nusu saa, na mkono utachoka. Ndipo utie mafuta, kisha berbere, kitunguu saumu na tangawizi, halafu vikombe viwili vya kamande ulizoloweka. Nyanya haikuhitajiki, kitunguu kimeshatosha kuwa rojo. (Nyanya ya shambani nasema, si ile ya kibarazani.)

Berbere ni pilipili nyekundu kavu iliyosagwa na viungo, na hapa mtu wa pwani hana kisingizio. Uwatu, habasoda, iliki, giligilani, karafuu, mdalasini: vyote viko Marikiti, Mombasa, na vingi viko hata kwa duka la jirani. Kaanga vikavu, twanga. Uwatu uwe nusu kijiko tu, ukizidi unachungua.

Wala usidhani lazima kuku. Waumini wa Orthodox wa Ethiopia hawali nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo mirefu, kwa hiyo wana mapishi chungu nzima ya kamande, kabichi, viazi na unga wa mikunde ya aina aina. Kwa mfuko wa kijana asiye na kazi, huo ni ukarimu mkubwa.

Mara ya tatu niliandaa kwenye sinia, nikaita watu. Mama alikata kipande kidogo kwa ncha za vidole, kama anayegusa kitu kisichoaminika. Akatafuna. Akasema pilipili imezidi na ningetia tui. Kisha akakata kingine, kikubwa. Wahabeshi wana desturi ya kumlisha mwenzio tonge kwa mkono wako, huiita gursha, na nilipomwelekezea nyanya tonge lake alicheka hadi akapaliwa.

Alipomaliza aliuliza mtama ule nimenunua wapi na kwa bei gani. Nilipomtajia, akanyamaza kidogo. Akasema walikuwa wakiulima hapa hapa, na mvua kidogo uliivumilia kuliko mahindi. Waliuacha kwa sababu watoto walienda shule na hakukuwa na wa kuamia ndege.

Halafu akanitazama, mimi niliyemaliza chuo na kurudi nyumbani. Mbegu anazo, alisema, ziko kwenye kibuyu. Tumepatana nitaamia asubuhi na jioni, mchana ni kazi ya binamu zangu.